Mjane Namba Kumi na Tisa

Wajane tulikuwa ishirini na sita
ndani ya ukumbi wa harusi, Igogo,
viti bado vina riboni za Jumamosi,
na kila mmoja kifuani ana karatasi na pini.
Mimi kumi na tisa.
Mbele yangu binti wa Nyegezi
amejipaka dawa ya mafua chini ya macho
ili machozi yasimtupe.
Akanisogezea kopo. Nikasema asante, nina yangu.

Sikuwa nayo.

Nilichokuwa nacho ni mama mdogo Milembe
asubuhi ile mtumbwi uliporudi na mtu mmoja pungufu.
Hakulia.
Alihesabu nyavu. Akahesabu tena.
Akauliza karabai ngapi zimepona,
na mafuta yalikopwa kwa nani, shilingi ngapi.
Kilio kilimjia miezi mitatu baadaye,
akitafuta kifuniko cha sufuria.

Nikamcheza huyo.
Nikasimama juu ya zulia jekundu
nikahesabu nyavu ambazo hazikuwepo,
kidole kwa kidole, midomo mikavu.
Hata feni ilinyamaza kunisikiliza
(kumbe umeme ulikatika).

Mwongozaji, kijana mstaarabu wa kutoka Dar,
akafunika kalamu yake.
"Dada, hujaumia.
Mke wa mvuvi hafiwi hivyo."
Kisha, kwa upole wa mtu anayerudisha chenji:
"Tutakupigia."

Neno hilo nalijua.
Ukilipeleka kwenye mzani wa Kirumba
halifikii dagaa mmoja.
Nililipewa kwa nafasi ya nesi: mrefu mno,
daktari angeonekana mtoto wangu.
Nikalipewa kwa nafasi ya mke wa mbunge:
ulimi wako, walisema, una ziwa ndani yake.
Nilidhani wananisifu.
Hata maiti nilikosa.
Walisema napumua kwa tumbo.

Watu huuliza, unawezaje?
Wanangoja niseme mvumilivu hula mbivu.
Mbichi nimekula nyingi, tumbo limezoea.
Bugumba, mwenzangu, huzima simu siku nne.
Kulwa husali. Dotto, pacha wake, hunywa,
na Ijumaa ukiwakuta pamoja
huwezi kujua ni yupi alifanya lipi.

Mimi nina ada yangu:
nafasi niliyonyimwa naicheza mara moja,
yote, mpaka mwisho, halafu naiacha.
Kibandani kwangu Mlango Mmoja,
belo la mitumba likiwa wazi miguuni,
mke wa mbunge aliuza sketi tatu kabla ya saa nne
bila kushusha hata mia.
Nesi alimpima mteja kiuno
akamwambia habari mbaya taratibu.
Maiti nilimchezea kitandani, usiku wa joto;
mbu peke yao ndio hawakuamini.

Lakini mjane hataki kuondoka.
Siku ya tatu leo nahesabu magauni
na sauti inayotoka si yangu:
la bluu moja, la maua mawili,
haya, na mafuta tulikopa kwa nani?

Jana nikaenda Igombe.
Mama mdogo alikuwa anageuza dagaa kwa ufagio.
Nikamwambia: wamesema hujui kufiwa.
Alicheka mpaka akakaa chini, mchangani,
ufagio bado mkononi.
Halafu akajipangusa.
"Huyo waliyemchukua, alilia vipi?"
Sijui, nikasema.
"Nenda kamwulize. Huenda amenizidi."

Hapo simu ikaita.
Tukaitazama wote wawili, yeye kabla yangu.

Ni kampuni: bando lako linaisha leo.

Nikanunua la wiki.